Vinyama vyekundu kwenye mzizi: uchambuzi wa kisa cha jino lililotoka zima

Bibi alifungua fundo kwenye pembe ya kanga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na jino la mbele la juu, la upande wa kulia, zima kuanzia ncha ya mzizi hadi makali yake. Mjukuu wake, mvulana wa miaka 12 wa darasa la sita, alikaa pembeni akibana mdomo kwa kitambaa chenye damu iliyokwisha kuganda.

"Nimelisafisha vizuri, daktari," bibi akasema. "Lilikuwa na vinyama vyekundu vimenata huku chini. Nimelisugua kwa mkaa na chumvi mpaka vikatoka vyote. Litazame."

Nililitazama. Mzizi uling'aa, mkavu, una rangi ya manjano kama pembe kuukuu, na ukiupitisha kidole hukutani na hata uzi mmoja. Nikanyong'onyea. Nilijua tutalirudisha jino lile mahali pake, na nilijua pia kwamba mfupa utalila.

Kabla sijaligusa niliuliza saa, maana katika ajali ya namna hii saa ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Mvulana akasimulia kwa mdomo uliovimba, bibi akijazia. Saa 4:30 asubuhi, wakati wa mapumziko ya uji, watoto walikuwa wakisukumana kwenye bomba la shule. Akateleza kwenye sakafu iliyolowa, mdomo ukagonga ukingo wa karo. Jino la kulia likaruka. La kushoto, jirani yake, lilisukumwa nyuma kidogo, likalegea na kuvuja damu kwenye ufizi, lakini halikutoka. Mwalimu wa zamu aliliokota lile lililotoka, akaliosha bombani kwa muda mrefu ili kuondoa mchanga, akalifunga kwenye karatasi na kumpa mtoto aende nalo nyumbani. Alifika kwa bibi saa 6:00. Mkaa na chumvi vikafuata. Kisha safari ya daladala hadi mjini, wakaingia kwangu saa 7:45 mchana. Saa tatu na robo.

Ili mtu aelewe kwa nini hesabu hiyo ilinikatisha tamaa, inabidi ajue jino limeshikwa na nini.

Sisi wa mwambao tunao mfano mzuri wa jambo hili. Mitepe ya zamani haikupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na chombo kikaenda baharini kikiyumba na mawimbi bila kupasuka. Jino nalo limeshonwa. Kati ya mzizi na mfupa wa taya kuna nafasi nyembamba ya kama robo milimita, imejaa nyuzi. Upande mmoja nyuzi hizo zimezama kwenye mfupa, upande wa pili zimezama kwenye gamba jembamba linalouvaa mzizi wote. Gamba hilo linaitwa sementamu. Jina lake lina asili moja na lile la saruji ya fundi, na limewapotosha wengi, hata wanafunzi wetu, wakadhani kazi yake ni kugundisha. Kazi yake hasa ni kuzishika ncha za nyuzi, mahali zinapofungiwa fundo.

Ni gamba jembamba kuliko watu wanavyodhani. Karibu na shingo ya jino, pale ufizi unapokutana na taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, unene wake ni mikroni 20 hadi 50, pungufu ya unywele (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kuelekea ncha ya mzizi linafika 150 hadi 200, na kwa wazee hata zaidi. Kwa uzito, madini ni karibu nusu yake tu, 45 hadi 50 kwa mia, wakati dentini iliyo chini yake, ambayo ndiyo mwili wa jino, ina kama 70 na enameli, gamba gumu la nje la taji, inafika 96. Halina mshipa wa damu hata mmoja, wala neva. Wanafunzi wa mwanasayansi Purkinje kule Breslau (leo Wrocław, Poland), Fraenkel na Raschkow, waliliona kwa hadubini mwaka 1835, na tangu hapo limekaa kwenye vitabu kama kitu kidogo cha pembeni. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nililisoma usiku mmoja kabla ya mtihani nikalisahau. Visa kama hiki ndivyo vilivyonirudisha kulisoma upya.

Liko la aina mbili kubwa. Theluthi mbili za juu za mzizi zimevaa sementamu isiyo na seli ndani yake. Hiyo inajengwa polepole sana, mikroni chache kwa mwaka, na ndiyo iliyosheheni nyuzi za Sharpey, zilizopewa jina la mtaalamu wa anatomia wa Scotland. Katika milimita moja ya mraba ya eneo hilo unaweza kukuta nyuzi kama 30,000 zimezama. Theluthi ya chini, na pale magego yanapogawanyika mizizi, kuna sementamu yenye seli zilizonaswa ndani wakati wa ujenzi. Hii hujengwa haraka zaidi, haijapangika vizuri, na kazi yake kubwa ni kurekebisha: jino likisagika juu kwa miaka ya kutafuna, sementamu inaongezeka chini na jino linapanda kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo mzizi wa mzee una gamba nene kama mara tatu ya la kijana.

Sasa lije jambo ambalo kisa chetu kinalizunguka. Mfupa wa taya hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kuna seli za kuula na seli za kuujenga, zinapokezana. Mzizi umekaa robo milimita kutoka kwa seli hizo za kula, na hauliwi. Kwa nini? Kwa sababu juu ya sementamu kuna utando wa malighafi yake ambayo bado haijaingia madini, na juu ya utando huo zimepangwa seli hai zinazoijenga, sementoblasti. Seli inayokula mfupa hushika mahali penye madini wazi tu. Ikikuta utando laini na safu ya seli hai, haipati pa kushika. Ulinzi huu ndio unaowezesha hata kazi ya kunyoosha meno kwa waya: tunasukuma jino, mfupa unaliwa upande mmoja na kujengwa upande mwingine, na mzizi kwa sehemu kubwa unapita salama katikati.

Seli za kujenga sementamu zikifa, mzizi unabaki bila mlinzi.

Jino linapong'olewa na ajali, nyuzi hukatika takriban katikati ya urefu wake. Nusu inabaki ukutani mwa tundu, nusu inatoka na mzizi. Vile vinyama vyekundu alivyoviona bibi ni hiyo nusu ya pili: nyuzi, seli zake, na chini kabisa sementoblasti zikiwa zimeushika mzizi. Kwa macho ya mtu yeyote nadhifu ni uchafu. Kwetu sisi ni tishu hai, na kazi yote ya huduma ya kwanza ni kuizuia isife.

Nakiri kwamba moyoni nilianza kwa kuulaumu mkaa. Nilipoipanga ile hesabu ya saa nikaona nimemwonea bibi. Mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno, toleo la 2020, unasema jino likikaa kavu nje ya mdomo kwa dakika 30, seli nyingi za mzizi zinakuwa zimeshakufa. Likipita dakika 60 hatutegemei tena kitu. Bibi alipoanza kusugua, jino lilikuwa limekauka kwa saa moja na nusu. Alisugua tishu iliyokufa. Miongozo ya zamani ilituelekeza hata sisi madaktari tuipanguse tishu kama hiyo kwa shashi kabla ya kurudisha jino.

Kilichoua ni bomba na karatasi. Maji ya bomba hayana chumvi ya kulingana na iliyo ndani ya seli, kwa hiyo maji huingia ndani ya seli, zinavimba na kupasuka. Kuosha haraka kwa sekunde chache hakuna ubaya mkubwa. Mwalimu alikaa na jino chini ya bomba mpaka mchanga wote ukaisha. Kisha karatasi ya daftari, ambayo ni kavu na inafyonza, ikamalizia zile zilizosalia. Simlaumu mwalimu pia. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na alifanya kile ambacho mtu mwenye huruma angefanya akiona kitu cha mtoto kimeanguka mchangani.

Nilimweleza bibi hivyo hivyo, kwamba mkaa wake haukuua chochote. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi ahsante mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kujishtaki."

Kama lilikuwa limekwisha kufa, kwa nini nililirudisha? Wenzangu wengine wangeliacha. Mimi niliona faida tatu za kweli. Mvulana wa miaka 12 asiye na jino la mbele hucheka akiziba mdomo, na umri huo ni mgumu bila hilo. Mfupa wa mbele wa taya, ukikosa mzizi, hunywea haraka na kuacha bonde ambalo baadaye ni kazi kubwa kulijaza. Na jino lililorudishwa likashikana na mfupa hukaa miaka kadhaa, muda wa kutosha wa kupanga.

Nilimchoma ganzi, nikasafisha tundu kwa maji ya dripu ya chumvi, nikalisukuma jino taratibu kwa kidole mpaka likakaa, nikalirudisha na lile la kushoto mahali pake. Kisha nikayafunga na majirani kwa mshipi mwembamba wa nailoni, huu huu wa kuvulia samaki, nikiubandika mbele ya meno kwa vitone vya kompoziti, ile dawa ya kuzibia meno inayogeuka ngumu. Watu hushangaa wakiuona, lakini ndicho kifaa bora: hunyumbuka. Mzizi ukifungwa kwa chuma kigumu, mfupa huushika upesi zaidi. Nikampa amoksilini, sindano ya pepopunda, na maagizo ya vyakula laini na mswaki laini. Siku ya kumi nikaanza kutibu mzizi kwa ndani, kwa sababu kiini, yaani nyama laini iliyo ndani, cha jino lililotoka zima kwa mtoto ambaye ncha ya mzizi imekwisha kufunga hakifufuki, na kikioza sumu yake hupenya kwenye dentini na kuwaita walaji wengine wabaya zaidi. Wiki ya pili nikaukata mshipi kwenye jino la kulia. La kushoto nikaliacha limefungwa hadi wiki ya nne.

Siku hiyo ya wiki ya pili bibi aliuliza swali ambalo natamani kila mzazi aliulize kabla ya ajali: angefanya nini?

Nikamjibu kwamba jino la kikubwa likitoka, lishikwe upande wa taji, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kidogo tu kwa maziwa, au mtoto mwenyewe alilambe. Lirudishwe palepale kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa, waje hospitali. Wakiogopa kulirudisha, lizamishwe kwenye kikombe cha maziwa. Yakikosekana maziwa, mtoto ateme mate kikombeni na jino likae humo. Maji ni chaguo la mwisho, ila hata hayo yanashinda kukauka. Jino la utoto halirudishwi kamwe, maana linaweza kuumiza la kikubwa linaloota nyuma yake.

"Maziwa gani? Mgando je?"

Mgando hapana, umechacha, na asidi inaua seli. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe, yaliyochemshwa yakapoa au ya pakiti, ya baridi yakipatikana. Ubora wake ni kwamba chumvi yake iko karibu na ile ya seli na ukali wake ni mdogo. Akaniuliza na dafu. Swali zuri kwa mtu wa pwani, na watafiti wamelipima, ila majibu yao yamekinzana, na maji ya dafu yana asidi kiasi. Mimi nabaki na maziwa.

Mvulana aliyekuwa akisikiliza akasema kwa sauti ndogo kwamba pale shuleni, nje ya geti, kuna mama anauza uji na maziwa. Hatua kama hamsini kutoka bombani.

Miezi iliyofuata ilinipa kitu ambacho ni nadra kukipata wazi hivi: mizizi miwili, ya mtoto mmoja, iliyoumia sekunde moja, ikikaa bega kwa bega. Mmoja ulikuwa na seli zake hai, mwingine hauna.

Wa kushoto uliponipa hofu ni mwezi wa tatu. Kwenye eksirei ubavuni mwake kulionekana kishimo kidogo, kama mahali panya amejaribu kung'ata akaacha. Jino liliposukumwa, sementamu ya mahali hapo ilisagwa dhidi ya mfupa, seli zake zikafa, na walaji wakafika. Hata hivyo mstari mwembamba mweusi unaozunguka mzizi, yaani ile nafasi ya nyuzi, ulikuwa kamili. Jino lilihisi baridi nilipoliwekea pamba iliyopozwa, maana yake kiini kilikuwa hai. Nikaamua kutofanya lolote. Jeraha likiwa dogo na hakuna vijidudu ndani ya mzizi, walaji huondoka wenyewe baada ya wiki chache, na sementoblasti za pembezoni zinatambaa kulifunika shimo, zinatandika sementamu mpya, nyuzi mpya zinashonwa humo. Mwaka mmoja baadaye kishimo kilikuwa hakijakua, kingo zake zimelainika. Leo nikiligonga jino hilo kwa mpini wa kile kioo cha kutazamia mdomoni linatoa sauti butu, na nikilisukuma kwa vidole linasogea ule mwendo mdogo wa kawaida.

Wa kulia, mwezi wa sita, nilipougonga ulilia kwa sauti ya juu, kavu, kama kugonga kikombe cha kaure. Mtu akiwahi kuisikia sauti hiyo haisahau. Jino halikusogea hata kidogo. Kwenye eksirei ule mstari mweusi ulikuwa umefutika sehemu kubwa, mzizi na mfupa vimekutana ana kwa ana. Seli za ujenzi wa sementamu hazikuwepo, kwa hiyo aliyefika kwanza ni mfupa, na mfupa ulilichukua jino kama sehemu ya mwili wake: unakula kipande, unajaza kwa mfupa, unakula kingine. Hakuna maumivu, hakuna usaha. Nimeulizwa mara nyingi kama kuna dawa ya kusimamisha hali hii. Hakuna. Dawa ilikuwa kwenye kile kikombe cha maziwa.

Kwa mtu mzima hali hiyo inaweza kuchukua miaka mingi, na jino likamhudumia vizuri. Shida ya mtoto ni kwamba anakua. Taya linarefuka, meno yote yanashuka nalo pamoja na ufizi, lakini jino lililoshikana na mfupa linabaki lilipo. Alipofika miaka 14 lilikuwa limeachwa nyuma milimita moja na nusu, na mstari wa ufizi umepinda. Ukipita milimita moja kwa kijana ambaye bado anakua, kuchelewa kunaharibu mfupa wa jirani.

Kuling'oa kungebomoa ukuta wa mbele wa mfupa, kwa sababu mzizi na mfupa vilikuwa kitu kimoja. Tukafanya upasuaji ambao Malmgren na wenzake wa Sweden waliueleza mwaka 1984: nikalikata taji, nikaushusha mzizi uliobaki mpaka chini ya ukingo wa mfupa, nikaondoa dawa yote niliyokuwa nimeijaza ndani, nikauacha mfereji wake ujae damu, kisha nikaushona ufizi juu. Mzizi huo unaendelea kugeuka mfupa, lakini safari hii kwa faida: unaulinda upana wa taya, na mfupa mpya huota juu yake kadiri kijana anavyokua. Taji lake mwenyewe, lile ambalo bibi alilileta kwenye karatasi, nilililainisha upande wa chini nikalibandika kwa kompoziti kwenye meno ya pembeni. Anacheka nalo mpaka sasa.

Ana miaka 16. Kwenye eksirei ya mwisho mzizi wa kulia umebaki kama kivuli, huwezi kusema unaishia wapi na mfupa unaanzia wapi, na juu yake kuna kilima kidogo cha mfupa ambacho hakikuwepo siku ya upasuaji. Pembeni yake mzizi wa kushoto umezungukwa na mstari wake mweusi, mwembamba, haujakatika popote. Tutasubiri amalize kukua ndipo tuzungumze juu ya jino la kudumu la bandia. Amepangiwa kurudi Desemba, shule zikifungwa, na bibi amesema atakuja naye.